Je, wajua kwa nini presha humpata hata mkulima asiye na kitambi?

Mjomba wangu analima viazi na pareto huko Umalila, kwenye milima ya Mbeya Vijijini. Ni mwembamba kama mpini wa jembe. Shamba lake la juu liko mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, na njia yote ni mpando. Mwaka juzi alimpeleka mjukuu wake zahanati, na muuguzi, kwa kuwa siku hiyo foleni ilikuwa fupi, akamwambia naye akae apimwe. Mashine ikasoma 178 kwa 104. Akapumzishwa robo saa, ikasoma 174 kwa 102.

"Mwanangu," mjomba akamwambia muuguzi, "mimi sina gari, sina kitambi, hata deni la benki sina. Hiyo presha nimeitoa wapi?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Tumezoea kusema presha na kisukari ni magonjwa ya wakubwa, ya watu wa ofisini wanaopanda ngazi mbili wakahema. Lakini mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Wizara ya Afya walipima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania, na karibu 26 katika kila 100 walikutwa na presha ya juu. Wenye kisukari walikuwa kama 9 katika kila 100. Robo nzima ya watu wazima haiwezi kuwa ya wakubwa. Nchi hii haina wakubwa wengi kiasi hicho.

Kwanza zile namba. Ya juu ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa wakati moyo unabana. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea ujae tena. Zikipimwa siku tofauti na kila mara zinafika 140 kwa 90 au kuzidi, hapo inaitwa presha ya juu. Mkulima yeyote wa mboga anayemwagilia kwa mpira ataelewa haraka: maji yakizidi ndani ya mpira, au mpira ukibanwa, unakakamaa mkononi. Ukiuacha hivyo msimu baada ya msimu, utapasuka pale palipo pembamba. Mwilini, pembamba ni kwenye ubongo, figo na macho.

Sasa maji yanazidije kwenye mpira wa mjomba?

Jibu la kwanza liko jikoni, nami nilikaa humo siku nzima nikiangalia. Mke wa mjomba alibandika maharage asubuhi. Akatia magadi kidogo yalainike upesi, maana kuni ni kazi. Yalipoiva akatia chumvi, si kwa kijiko, kwa vidole vyote vitano. Akaonja, akaongeza. Mchana kabichi nayo ikapata yake, pamoja na kile kidonge cha mchuzi cha dukani. Jioni vikaletwa viazi vya kuchemsha na maganda yake, moshi unafuka, na katikati ya sinia kilima kidogo cha chumvi cha kuchovyea. Kila mtu anamenya, anachovya, anakula. Ni kitamu, sitasema uongo. Kwenye baridi ya Umalila mwezi wa saba sijui chakula kinachokishinda.

Kinacholeta kazi ndani ya chumvi ni sodiamu. Magadi nayo ni sodiamu. Kidonge cha mchuzi, hamira ya unga (baking powder) ya kwenye maandazi, vyote vina sodiamu, ila ulimi hauiti chumvi. Ikizidi kwenye damu, mwili hushikilia maji ili kuizimua. Damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ileile, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa sodiamu kwenye mkojo, lakini kwa asili figo zinajua zaidi kuitunza kuliko kuitupa.

Na hapo historia ya huku kwetu inasaidia. Nyanda za juu kusini ziko mbali na bahari. Kule Ivuna, bonde la Ziwa Rukwa, upande ambao leo ni Wilaya ya Momba mkoani Songwe, watu walikuwa wakichuja udongo wa chumvi na kuchemsha maji yake zaidi ya miaka 500 iliyopita, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi hiyo. Chumvi ilikuwa mali. Sehemu nyingi za bara watu walitumia maji yaliyochujwa kwenye majivu kwa sababu chumvi yenyewe haikupatikana. Mwili uliojengwa kwa maisha hayo huing'ang'ania chumvi kama mtu anayeweka akiba. Leo pakiti ya nusu kilo iko kila kibanda, bei yake haizidi ya soda, na figo hazijapata taarifa.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hili kwa karibu. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Ndani ya miezi michache tu presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo. Potasiamu ndiyo inayozisaidia figo kuiachia sodiamu, na imejaa kwenye maharage, ndizi, mboga za majani, parachichi na hivyohivyo viazi. Mjomba hakuhamia mjini. Mji ndio uliomfuata, kwa njia ya duka.

Ajabu ni kwamba Rungwe na Njombe wanavuna parachichi hadi za kupeleka ng'ambo, Tukuyu ndizi zinashuka kwa malori, na bado ule utafiti wa 2012 ulikuta watu 97 katika kila 100 nchini hawafikishi kiasi cha mboga na matunda kinachopendekezwa, gramu 400 kwa siku. Tunavuna, tunauza, tunarudi nyumbani na sembe. Nayo sembe imekobolewa: ganda na kiini, vyenye potasiamu na nyuzinyuzi, vimebaki mashineni wakala nguruwe. Dona tunaiita chakula cha shule.

Lakini chumvi peke yake haimalizi swali. Wapo wanaochovya viazi chumvini miaka 70 na mashine inasoma 120 kwa 80. Kwa nini mmoja apandishwe na mwingine asiguswe?

Sehemu ya jibu ni urithi. Kama baba na mama walikuwa na presha, jiangalie. Sehemu nyingine ndiyo iliyonishangaza mimi, na inaihusu mikoa hii kuliko mingine. Iringa, Njombe, Rukwa na Mbeya ndizo zinazoitwa ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa afya na watu wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano uko juu kabisa Iringa, karibu 57 katika kila 100, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kama 50 kila mmoja. Wastani wa nchi ni 30. Palipo na mahindi mengi ndipo watoto walipo wafupi. Mama analima mpaka siku ya uchungu, mtoto anaachwa na uji mtupu, mahindi yanauzwa, na tumbo lililojaa ugali huonekana limeshiba hata kama protini hamna.

Udumavu mara nyingi huanza tumboni, na tumboni ndipo figo zinapotengenezwa. Kila figo ina vichujio vidogo sana, kwa wastani karibu milioni moja, ila kuna watu wana laki mbili na ushee na wengine wanazidi milioni mbili. Vinamalizika kuundwa karibu wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo haviongezeki tena, ule nini, unywe nini. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huwa na vichujio vichache, na hivyo vichache vitafanya kazi ya wengi maisha yote. Mpe mtu huyo kilima cha chumvi kila jioni kwa miaka 40, figo zitaanza kudai damu ije kwa nguvu zaidi ndipo ziweze kuchuja.

Aliyeliibua jambo hili ni daktari Mwingereza, David Barker. Huko Hertfordshire, Uingereza, wakunga waliandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia mwaka 1911, kwenye madaftari makubwa. Miaka mingi baadaye Barker na wenzake wakayafukua, wakawatafuta watoto wale ambao sasa walikuwa wazee au marehemu, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliokufa zaidi kwa magonjwa ya moyo. Tangu hapo nchi nyingine zimeona mwelekeo huohuo, kwa presha na kwa kisukari. Mwili ulioonja njaa tumboni hujifunza kubana matumizi. Ukija kupewa chipsi mayai na soda pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, unaendelea kuweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta tumboni na sukari kwenye damu.

Mjomba alizaliwa nyumbani, hakuna aliyempima. Bibi alinisimulia kwamba alikuwa "kidogo, unamshika kwa mkono mmoja." Hilo si kipimo cha kitaalamu. Lakini nilipolisikia nililiweka.

Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yanajulikana. Kimpumu, komoni na ulanzi uliochacha: pombe ya kila siku hupandisha presha, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyopandisha, iwe ya kienyeji au ya chupa. Sigara na ugoro, vilevile vibaya kwa mishipa. Baridi nayo hubana mishipa, kwa hiyo presha ya Julai huko milimani inaweza kusoma juu kidogo kuliko ya Januari. Sababu nyingine ya kupima zaidi ya mara moja. Na moshi. Jiko la mke wa mjomba halina bomba, na wakati wa baridi mlango unafungwa. Macho yake mekundu, kifua kinakohoa, na watu husema ni uzee. Chembe ndogo za moshi haziishii kwenye mapafu, huingia hadi kwenye damu na kuchokoza mishipa. Kwa mwanamke asiyewahi kugusa sigara, jiko la namna hii ndiyo sigara yake. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Huko Umalila mtungi wa gesi bado unashuka kwenye bodaboda kwa sherehe.

Kutembea je? Milima ya mjomba haikumsaidia? Ilimsaidia, na sana: ndiyo maana hana kisukari na moyo wake unamudu mpando akiwa na presha ile. Mwenye maumbile kama yake anayeshinda amekaa kwenye bajaji pale Kabwe angekuwa na hali mbaya zaidi. Ila miguu haiwezi kutoa chumvi yote inayoingia kwa mdomo. Na jasho? Umalila kuna ukungu mpaka saa nne asubuhi. Jasho gani hilo?

Kilichobaki ni kwamba presha haiumi. Watu huisubiri kwenye kisogo, kwamba kichwa kikigonga ndipo ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 wenye presha ya juu hawajui kama wanayo. Wengi huijua siku mdomo unapopinda, na mtaani huambiwa wamerogwa au wamepitiwa na upepo.

Hata ukiijua, kuna mtego mwingine. Sisi tumelelewa na malaria: unapewa dozi, unaimaliza, umepona. Mjomba alipewa vidonge vya siku 30, akameza vyote bila kuruka, akapimwa, 138 kwa 86. Akarudi nyumbani kwa furaha, akatangaza amepona. Miezi miwili baadaye ilikuwa 180. Vidonge vya presha ni kama banzi kwenye mti uliopinda: unanyooka kwa kuwa banzi lipo. Ilibidi muuguzi amwambie kwa lugha ya shambani, "Baba, hii siyo dawa ya kuua mdudu. Hii ni mbolea, kila msimu unaweka." Hapo akaelewa.

Kuhusu chumvi tulifanya hesabu pamoja, mimi na mke wa mjomba, kwa sababu kijiko hakukitaka. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko cha chai kisicho na kilima, ukijumlisha kila kilicholiwa. Nyumba yao ina watu sita: gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isiishe kabla ya siku 16. Yao ilikuwa inaisha kwa wiki moja, maana yake karibu gramu 12 kwa kila mtu. Tukakubaliana kwamba kila pakiti mpya iandikwe tarehe kwa kalamu siku inapofunguliwa, na kilima cha kwenye sinia kihamie kwenye kisahani kidogo mbele ya mjomba, aone aibu mwenyewe.

Nilipopita mara ya mwisho, pakiti ya dirishani ilikuwa imeandikwa tarehe 3, na siku hiyo ilikuwa tarehe 15. Imebaki kama vijiko viwili. Mjomba anasema wajukuu waliokuja likizo ndio walioimaliza.