Jina la Washington na Ndoto ya Kuwa Ndugu wa Rais

Wateja wenye jina la ukoo la Washington wanaonijia kutafutiwa nasaba huwa na ombi lile lile: niwathibitishie kwamba wao na George Washington ni wa ukoo mmoja. Wengine hawaombi hata uthibitisho, kwani mti wa ukoo wameshauchora na rais yuko juu kabisa.

Huyo rais hakuzaa. Watoto aliowalea Mount Vernon, nyumbani kwake, walikuwa wa mkewe Martha. Hata wazee wake hawakuanza na jina hilo. Orodha ya mali za Askofu wa Durham ya mwaka 1183 inamtaja William wa Hertburn, aliyeiachia Hertburn ili apewe Washington, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na uzao wake ukaja kuitwa kwa makao hayo mapya. Kama mwenye shamba mwenyewe alilipata jina kwa kuhama, sioni sababu ya kulifanya kuwa kipimo cha damu.

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban watu 9 kati ya 10 wenye jina hili walijitambulisha kuwa weusi, na wengi wao ni uzao wa watumwa waliojichagulia majina. Booker T. Washington, mwelimishaji mashuhuri Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, alipoona darasani kwamba wenzake wana majina mawili au zaidi, alijiita Washington papo hapo mwalimu alipomuuliza jina. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa hiyo anzeni na sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha waliotoka utumwani kwa majina yao, kisha mrudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeanza na rais na kushuka chini anapoteza fedha zake na muda wangu.

Wanaodai kwamba kijiji cha Washington kule Uingereza kiliitwa hivyo kwa sababu watu walifulia nguo hapo wanasoma tahajia ya leo. Katika Kiingereza cha Kale ni makazi yanayohusishwa na mtu aliyeitwa Wassa.

Nayo nembo ya ukoo wa rais, yenye mistari miwili myekundu na nyota tatu, ambayo tangu 1938 ni bendera ya jiji la Washington, haikuwa ya kila mwenye jina hilo: nembo za Kiingereza hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Anayekuuzia kikombe chenye “nembo ya ukoo wako” bila kuuliza babu yako ni nani anakuuzia kikombe tu.