Lori likikwama Mandela, nani anajua?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, kati ya Buguruni na Tabata Relini. Semi lenye kontena la futi arobaini limekwama njia ya kushoto, tairi mbili za treila zimepasuka. Utingo ameshakata matawi ya mwarobaini na kuyalaza kwenye lami, moja kila hatua kumi hivi, hadi kama mita sitini nyuma ya gari. Nilikuwa kwenye daladala ya Simu 2000 isiyosogea. Nikashuka, nikatembea mpaka pale, nikasimama pembeni kuangalia, maana mimi ni mhandisi wa usafirishaji na jambo kama hili siwezi kulipita hivi hivi.

Dereva aliyeyaona matawi mapema alihamia kulia taratibu, akaingia kwenye mstari bila kumsumbua mtu. Aliyeyaona yakiwa tayari mbele ya bampa alikanyaga breki, akawasha indiketa, akachomekea. Wa nyuma yake naye akakanyaga breki, na wa nyuma ya huyo, na mwingine tena. Kule mwisho wa mstari watu walikuwa wanapiga honi bila kujua mbele kuna nini.

Yale matawi yalikuwa yanafanya kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na mabango ya umeme yaliyofungwa juu ya barabara: kumwambia dereva kilichoko mbele akiwa bado ana nafasi ya kuamua. Hiyo ni sehemu moja ya kitu ambacho sisi wa fani hii tunakiita usimamizi hai wa barabara. Maana yake ni kwamba hali ya barabara inasomwa kila dakika kwa kamera au vifaa vya kuhesabia magari, na barabara yenyewe inajibu. Kiwango cha mwendo kinabadilika, njia inafungwa au kufunguliwa, taa zinarefushwa au kufupishwa, dereva anapewa taarifa. Lami inabaki ileile.

Najua wengi tukiwaza foleni tunawaza kupanua. Na kupanua kumesaidia, sitaki kuficha. Anayekumbuka TAZARA kabla ya daraja la Mfugale kufunguliwa mwaka 2018, au Ubungo kabla ya daraja la Kijazi mwaka 2021, anajua tumetoka wapi. Lakini njia pana isiyo na mtu wa kuiangalia huzibwa na lori moja, na hapo ndipo nataka tupige hesabu pamoja.

Chukua barabara ya njia mbili kwa kila upande, kama Mandela. Njia moja ikiwa safi hupitisha magari kama 2,000 kwa saa, kwa hiyo upande mmoja ni 4,000. Lori likiziba njia moja utadhani nusu imebaki. Haibaki nusu. Kwa sababu ya kuchomekea na kupunguza mwendo ili kutazama, kinachobaki ni takriban asilimia 35, yaani magari 1,400 kwa saa. Sasa tuseme magari 3,000 yanakuja kila saa na lori limekaa nusu saa. Yamefika 1,500, yamepita 700, yamebaki 800. Yapange kwenye njia mbili, kila moja likichukua mita saba na nusu, una foleni ya kilomita tatu.

Lori likiondolewa, foleni haiishi papo hapo. Magari yanayoanza kuondoka kwenye msongamano hayafikii tena ule uwezo wa mwanzo. Mara nyingi hupungua kwa kama sehemu ya kumi, kwa hiyo weka 3,600 kwa saa. Huku nyuma bado 3,000 yanaingia. Unapunguza 600 tu kwa saa, na yale 800 yatakuchukua dakika 80. Nusu saa ya lori imezaa karibu saa mbili za foleni.

Je, lingeondolewa kwa dakika 15? Foleni ingefika magari 400 na kuisha baada ya dakika 40. Ukijumlisha muda wote uliopotezwa na kila gari, hasara haipungui kwa nusu, inashuka hadi robo. Kila nikifanya hesabu hii huwa najiuliza kwa nini brekidauni inaitwa na mwenye lori, ikitoka gereji anayoijua yeye, baada ya kuelewana bei kwa simu. Ningekuwa na fedha kidogo tu za kutumia Mandela, ningeanza na brekidauni mbili zenye uwezo wa kuvuta semi, moja ikae TAZARA, nyingine Ubungo, pamoja na kamera chache na mtu wa kuziangalia. Gharama ya kuvuta ijadiliwe baadaye, lori likiwa limeshatoka barabarani.

Kuhusu mwendo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wangu hulisikia. Waliweka magari 22 kwenye mduara wa mita 230, wakawaambia madereva waende kilomita 30 kwa saa, basi. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna lori bovu. Baada ya muda foleni ikajitokeza yenyewe, ikawa inarudi nyuma kama wimbi. Mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma akapunguza zaidi, mwisho mtu akasimama kabisa. Ukipita Kimara kuelekea Mbezi jioni umeshakutana na wimbi hilo. Mnasimama, mnasogea, mnafika mbele hakuna ajali wala trafiki, na hamwoni kilichowasimamisha.

Dawa yake ni kuwapunguza mwendo walio nyuma kabla hawajalifikia wimbi. Wakija kwa 60 badala ya 90 hawakanyagi breki kwa nguvu, na wimbi linakosa cha kulilisha. Barabara ya M25 kuizunguka London ilianza kutumia viwango vya mwendo vinavyobadilika mwaka 1995. Kwetu kikwazo kikubwa ni tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Dereva wa Dar amezoea kwamba kibao cha 50 kina askari nyuma ya mti, kwa hiyo anakisoma kama mtego. Kibao kinachobadilika hakitafanya kazi mpaka watu waone kwamba kila kikiandika 50, mbele kweli kuna jambo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kuruhusu magari yapite pembeni ya barabara saa za msongamano. Uingereza walijaribu kwenye M42 karibu na Birmingham mwaka 2006, wakijenga sehemu za kujihifadhi kila mita 500 hivi na kuwa na watu wanaokagua kwa kamera kabla ya kufungua. Ilisaidia. Kisha barabara za baadaye zikaondoa kabisa ile pembeni na kuifanya njia ya kudumu, watu waliozimikiwa magari wakagongwa, malalamiko yakawa makubwa, na Aprili 2023 serikali yao ikafuta mipango ya kujenga nyingine mpya. Hapa kwetu sishauri hata kidogo. Pembeni kwetu pana watembea kwa miguu, bodaboda, mama wa matunda na watoto wa shule wanaosubiri daladala. Kutanua, yaani kupita pembeni ya barabara, tunako tayari, na kunaua. Kukuhalalisha kwa bango la umeme hakutakufanya kuwe salama.

Taa za kupima magari yanayoingia barabara kuu, zile zinazoyaachia kidogo kidogo badala ya yote kwa mkupuo, nitazitaja kwa ufupi. Mwaka 2000 jimbo la Minnesota, Marekani, lilizizima kwa wiki kadhaa kwa sababu wananchi walizilalamikia. Magari yaliyopita yakapungua kwa asilimia 9, muda wa safari ukaongezeka kwa 22, ajali zikaongezeka kwa 26. Zikawashwa tena. Sisi tuna maingilio machache ya aina hiyo, hivyo zitasubiri.

Kwetu jambo kubwa ni mataa na trafiki. Tunamlaumu sana yule askari anayeshika upande mmoja dakika kumi, lakini simama naye kidogo. Taa zilizopangwa kwa saa haziioni foleni, yeye anaiona. Kwa maana hiyo ndiye kifaa hai pekee tulichonacho pale. Shida yake ni kwamba macho yake yanafika mita mia mbili. Mwanzo wa kijani magari hupita yakifuatana kwa sekunde mbili mbili, lakini ukiendelea kushika, nafasi kati yao zinaongezeka, na unapitisha wachache huku upande wa pili unajaa. Pale Magomeni, foleni ya Kawawa ikijaa vya kutosha inafika makutano ya nyuma na kuyaziba, na hapo hata mwenye kwenda kwingine kabisa amefungwa. Askari wa makutano ya pili naye anashika upande wake kwa nia njema, akimmwagia mwenzake magari asiyoweza kuyapokea. Ningempa kila mmoja redio inayoongea na chumba kimoja chenye kamera za makutano yote mfululizo, Ubungo hadi Faya, na mtu wa kumwambia, "Afande, achia Kigogo sasa, mbele kumeshajaa."

Chumba hichohicho kingetuokoa mvua zikinyesha. Mto Msimbazi ukifurika, barabara pale Jangwani inafungwa, na mtu aliyetoka Mbezi anaijua habari hiyo akiwa Magomeni, amechelewa kuamua. Mahali pa kumwambia ni kabla ya Ubungo. Pale bado anaweza kushika Mandela hadi Buguruni aingie Uhuru, au Sam Nujoma hadi Mwenge apitie Ali Hassan Mwinyi. Bango moja kubwa la umeme karibu na Kimara, maneno manne: JANGWANI IMEFUNGWA, PITA MANDELA. Nalo lisiwaelekeze wote njia moja, maana Mandela ikijaa hutakuwa umemsaidia mtu. Mtu wa chumbani awe anaangalia na kubadilisha: nusu saa Mandela, nusu saa Mwenge.

Niliwahi kuwekewa makadirio ya mradi wa namna hii mezani. Bango lilikuwa na bei, nguzo ina bei, nyaya zina bei. Watu wa kulikalia usiku hawakuwemo. Niliyarudisha. Bango likiendelea kusema Jangwani imefungwa saa mbili baada ya maji kupungua, dereva wa Mbezi aliyezungushwa hadi Buguruni bure hatalisoma tena, hata siku maji yatakapokuwa kiunoni. Kwa hiyo kwenye makadirio yangu mstari wa kwanza ni mishahara ya zamu tatu, na bango linaanzia mstari wa pili.