Breki Konani: Kazi Iko Kwenye Kuachia

Nafundisha kuendesha pikipiki kwenye uwanja wa mbio. Mwanafunzi akipanuka kona, yaani akitupwa nje ya njia yake, na kurudi pitini, pale pikipiki zinapoegeshwa, maneno huwa yaleyale: “Mwalimu, niliingia na kasi kubwa mno.” Tunakaa, tunatazama video ya kamera niliyomfungia kwenye tangi, na mara nyingi kasi haina kosa. Kosa liko kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, vinavyobana breki ya mbele. Pikipiki ikiwa wima breki imebanwa vizuri. Anapoanza tu kuilaza, vidole vinafunguka kwa mpigo mmoja. Papo hapo pikipiki inaanza kuukimbia ukingo wa ndani.

Wengi tulifundishwa hivyo: maliza breki ukiwa wima, achia, ndipo ulaze. Kwa mtu wa siku ya kwanza uwanjani ni somo zuri, na mimi bado nalitoa. Ila lina pengo. Kati ya kuachia breki na kufungua mafuta, pikipiki inaelea tu, haina breki wala haina moto, na pengo hilo linaangukia mahali unapohitaji ikutii kuliko pote.

Ukibana breki ya mbele, uzito unahamia mbele. Shokapu zinadidimia, pembe ya usukani inasimama zaidi, umbali kati ya magurudumu mawili unapungua kidogo, na tairi la mbele linabonyea na kuishika lami kwa eneo pana zaidi. Pikipiki iliyokaa hivyo inapinda upesi. Ukiachia ghafla unavivunja vyote kwa pamoja: shokapu zinapanda, usukani unakuwa mzito kupinda, na tairi linapoteza mzigo uliokuwa ukiligandamiza. Yote haya yanatokea wakati uleule unaoiambia pikipiki ipinde.

Kuna na suala la duara. Chukua pikipiki iliyolala nyuzi 45. Kwa kilomita 100 kwa saa inachora duara lenye nusukipenyo cha mita 79 hivi. Ishushe hadi kilomita 90 bila kubadili mlalo, na nusukipenyo kinashuka hadi mita 64 hivi. Umekaza kona kwa mita 15 bila kulaza zaidi hata nyuzi moja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kwamba breki ndani ya kona ni sehemu ya usukani. Freddie Spencer wa Marekani, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki daraja la 500cc mwaka 1983 na 1985, alijulikana sana kwa kuingia konani vidole vikiwa bado kwenye breki ya mbele.

Hapa ndipo watu wanapoogopa, na wana sababu. Mshiko wa tairi ni mmoja. Breki na kona vinaugawana. Lakini wengi wanaugawa kwa kutoa: kona ikichukua 80 katika 100, eti breki imebakiwa na 20. Sivyo. Breki inavuta nyuma, kona inavuta pembeni, kwa hiyo hesabu yake ni ya pembetatu mraba. Kona ikitumia 80, breki bado ina hadi 60, maana mraba wa 80 na mraba wa 60 ukivijumlisha unapata mraba wa 100. Kona ikifika 95, breki ina 31 hivi. Ikifika 99, imebaki 14. Zisome namba hizo taratibu. Mwanzoni mwa kulaza unapoteza breki kidogo mno, inaporomoka mwishoni. Anayefungua vidole pikipiki inapoanza tu kuinama ametupa mshiko aliokuwa nao bado. Na anayeendelea kubana vilevile huku akizidi kulaza ndiye anayeanguka.

Isieleweke kwamba nasema ucheleweshe breki. Kazi kubwa ifanyike ukiwa wima. Kutoka kilomita 200 hadi 100 kwa saa unaondoa robo tatu ya nguvu yote ya mwendo, na mzigo huo si wa kuuingiza konani. Kinachoingia na wewe konani ni mkia wa breki tu, ile sehemu ya mwisho inayozidi kupungua.

Sasa mkono. Natumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, kiganja kikiwa kimelegea kwenye mshikio. Magoti ndiyo yanabana tangi ili mikono isibebe mwili. Mguso wa kwanza ni mwepesi, hadi nisikie shokapu zimeanza kushuka na tairi limekaa. Hapo ndipo naongeza nguvu kikamilifu. Nikianza kulaza naanza kupunguza, na kupunguza kwenyewe ni kama kuteremsha ndoo kisimani: kamba inapita mkononi, haiachiwi. Kila nyuzi ya mlalo inayoongezeka inachukua kidogo kutoka kwenye vidole. Nikifika kitovu cha kona, pale ninapopita karibu kabisa na ukingo wa ndani, kilichobaki ni uzito wa vidole vyenyewe, kisha hata huo haupo. Utasikia pikipiki ikitaka kujiinua kidogo, kwa sababu tairi linashika lami kwa ubavu. Sukuma mkono wa ndani wa usukani kidogo tu, itatulia.

Anguko langu baya kuliko yote lilitokana na kuachia. Niliingia kona ya kulia, nikafungua vidole vyote, nikaona napanuka, nikashtuka, nikabana tena. Shokapu zilikuwa zimeshapanda na tairi la mbele halikuwa na mzigo. Lilikunja chini yangu kabla sijajua limeanza kuteleza, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Kwa miezi kadhaa nilisema breki ndiyo iliyoniangusha. Nilikuja kukubali baadaye kwamba kama vidole visingetoka mara ya kwanza, nisingekuwa na haja ya kubana mara ya pili.

Tairi baridi sahau habari hii. Zipe kwanza mizunguko ya kupata moto. Kona ndefu ya kasi inahitaji mkia mfupi sana wa breki. Kona kali, na zile zinazozidi kujikunja kadiri unavyoingia, ndizo zinazolipa.

Kujifunza, chagua kona moja tu ya taratibu unayoijua vizuri. Punguza mwendo wako wa kawaida kwa kiasi ambacho hakikutoi jasho. Anza kubana palepale unapobana siku zote, ila kwa nguvu ndogo, uone utaifikisha breki mbali kiasi gani ndani ya kona. Usiongeze kasi siku hiyo hata ukijisikia vizuri. Namaanisha hata kidogo. Mtu akufungie kamera inayotazama mkono wako wa kulia na sehemu ya lami mbele yake. Baada ya mizunguko mitano keti, isimamishe video pale vidole vinapotoka kwenye breki, na uangalie pikipiki ilikuwa imefika wapi konani.