Swali la msingi na swali la nyongeza bungeni: maana yake kwa mtu wa Mwanza

"Ng'wanawane, huyu mbunge anaomba au anauliza?"

Mzee mmoja aliniuliza hivyo, akiniita "mwanangu" kwa Kisukuma, asubuhi moja kwenye mwalo wa Kirumba. Redio ilikuwa juu ya kreti, kipindi cha maswali kikiendelea kutoka Dodoma. Mbunge alikuwa amesimama, ameshukuru kupewa nafasi, amempongeza Naibu Waziri, amesema "pamoja na majibu mazuri ya Serikali", na hapo ndipo akaja kwenye jambo lenyewe. Kwa masikio ya mzee, mtu anayeshukuru kiasi hicho ni mtu aliyekwenda kuomba. Nilimjibu kwamba anauliza, tena kwa haki, lakini swali lake halikunitoka kichwani. Watu wengi huku kwetu husikia "swali la msingi" na "swali la nyongeza" kila Bunge linapokutana, na hawajawahi kuelezwa ni vitu gani na kwa nini vimetenganishwa.

Tuanze na haki yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika kueleza namna ya kuifanya kazi hiyo, jambo la kwanza kutajwa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Kuuliza kumetangulia hata kuijadili bajeti. Kwa hiyo yale maneno ya "naomba kuuliza" ni adabu ya ukumbini tu. Mbunge humwambia Spika, hamwambii Waziri moja kwa moja, na adabu hiyo haipunguzi wajibu wa Waziri kujibu.

Swali la msingi ni lile ambalo mbunge ameliandika mapema na kuliwasilisha kwa Katibu wa Bunge. Linapewa namba, linapelekwa kwenye wizara inayohusika, na linapangiwa siku. Yako yanayojibiwa kwa mdomo ukumbini na yako yanayojibiwa kwa maandishi. Kwa kawaida ni fupi na lina umbo ambalo sote tumelizoea: "Je, ni lini Serikali itajenga…", "Je, Serikali ina mpango gani wa…" Siku ikifika, Naibu Waziri husimama na kusema kwamba kwa niaba ya Waziri anaomba kujibu "kama ifuatavyo", kisha anasoma. Anasoma kwa sababu jibu limekwisha kuandikwa. Wizara imeuliza mkoa, mkoa umeuliza halmashauri, halmashauri imemtuma mhandisi au mganga mkuu akusanye takwimu, na karatasi imepanda juu ngazi kwa ngazi. Hapo jibu halina cha kushtukiza, na hilo si kosa. Faida ya swali la msingi ni hiyo safari ya karatasi: ofisi tano au sita zimelazimika kuangalia bomba la mtaa mmoja wa Nyamagana na kuandika hali yake.

Swali la nyongeza ni jambo jingine kabisa. Hilo halikuandikwa kokote. Linaulizwa papo hapo baada ya jibu kusomwa, na sharti lake ni kwamba litokane na jambo lililoulizwa au jibu lililotolewa. Mwenye swali la msingi ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Wabunge wengine, Spika akiwaona, hupata moja moja. Ndiyo maana utasikia mbunge wa Sengerema akidandia swali la Ukerewe na kusema, "Kwa kuwa tatizo hili linafanana na la jimboni kwangu…" Akitoka nje ya mada, Spika humkatiza na kumwambia hilo ni swali jipya.

Kwangu mimi, nguvu yote ya kipindi cha maswali iko hapo kwenye nyongeza. Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu; la nyongeza linategemea kama Naibu Waziri anaijua kazi yake, na kama mbunge amesikiliza. Hilo la pili ndilo linalonisikitisha mara nyingi. Unasikia kabisa kwamba mbunge ameingia na nyongeza yake kichwani tangu nyumbani, na jibu limesomwa bila yeye kulishika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mbunge wa visiwani anauliza ni lini Serikali itapeleka boti ya kubebea wagonjwa kwenye kisiwa fulani, maana mjamzito mwenye uchungu husafirishwa kwa mtumbwi wa dagaa usiku. Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma za rufaa visiwani, na kwamba katika mwaka huu wa fedha imetenga fedha za kununua boti. Mbunge anasimama tena: "Je, Waziri yuko tayari kuambatana nami kwenda kujionea?" Jibu ni "niko tayari", watu wanapiga meza, kipindi kinaendelea. Waziri kufika kisiwani ni jambo jema, sikatai. Lakini nafasi imetumika, na hatujui kama fedha hizo zipo.

Mbunge huyo angeweza kuuliza hivi: fedha zilizotengwa ni shilingi ngapi, na mpaka leo halmashauri imepokea kiasi gani? Kisha la pili: boti itafika mwezi gani? Maswali mawili, maneno machache, na kila moja linadai namba au tarehe.

Nimetaja kupokea kwa sababu hapa ndipo wasikilizaji wengi hupotea. Fedha "imetengwa" maana yake imeandikwa kwenye bajeti iliyopitishwa. Fedha "imetolewa" maana yake Hazina imeiachia. Fedha "imepokelewa" maana yake imeingia kwenye akaunti ya halmashauri au ya wakala, na hapo ndipo mkandarasi anaweza kulipwa. Kati ya neno la kwanza na la tatu mwaka mzima unaweza kupita. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo ukisikia "katika mwaka huu wa fedha", hesabu miezi iliyobaki kufika Juni. Ahadi hiyo ina mwisho, hata kama aliyeisoma hakuutaja.

Kuna maneno mengine pia ambayo ni hatua halisi za kazi, si maneno ya kujazia. "Upembuzi yakinifu" ni kuchunguza kama mradi unafaa na utagharimu nini. "Usanifu wa kina" ni michoro na vipimo vya kujengea. Baadaye inatangazwa zabuni, unasainiwa mkataba, mkandarasi anafika eneo la kazi. Jibu linalosema barabara "iko kwenye usanifu wa kina" linakueleza kwamba bado hatua kadhaa kabla ya greda kuonekana, na nyongeza nzuri ni kuuliza usanifu unakamilika lini. "Kadri fedha zitakapopatikana" ndilo jibu ambalo halina hatua wala tarehe ndani yake. Nikilisikia hilo, najua swali litalazimika kurudi.

Tuna kumbukumbu yetu ya namna "lini" inavyotembea. Kwa miaka mingi magari kati ya Misungwi na Sengerema yalipanga foleni kusubiri kivuko pale Kigongo na Busisi. Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019, na daraja lenye urefu wa kilomita 3 likafunguliwa Juni 2025. Hiyo ni miaka mitano na nusu kwa mradi ambao fedha zilikuwapo na mkandarasi yuko kazini. Anayeuliza leo kuhusu mradi ambao upembuzi haujaanza anauliza jambo la muda mrefu, naye awaambie wapiga kura wake hivyo waziwazi.

Lakini kuna huduma zisizoweza kungoja, na hapa naandika kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Idadi rasmi ya waliokufa ilifika 228. Mbunge wa Ukerewe wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa amekisemea kivuko hicho bungeni kabla ya ajali. Sisemi kwamba jibu jingine lingewaokoa watu wale. Ajali ile ilihusu pia uzito uliopita kiasi, jambo la gatini siku hiyohiyo, si la ukumbini Dodoma. Ninachosema ni kwamba swali kuhusu kivuko cha kisiwani haliwezi kusikilizwa kwa sikio lilelile la swali kuhusu taa za barabarani, na wabunge wote wa kanda ya ziwa walio ukumbini wanapaswa kulidandia mpaka lipate tarehe.

Sasa suala la nani aulizwe. Hili lina ufundi wake, na swali likielekezwa kwa wizara isiyohusika linarudi na jibu la jumla. Barabara ya mtaani Buhongwa au Kishiri ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS, wizara yake ni ya Ujenzi. Zahanati na kituo cha afya ni TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu Sekou Toure, ni Wizara ya Afya. Bugando ni ya Kanisa Katoliki inayofanya kazi kwa makubaliano na Serikali, kwa hiyo Waziri anaweza kujibia sehemu ya Serikali tu.

Maji yote yako Wizara ya Maji, lakini ndani yake kuna mlango wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kwa jiji na mlango wa RUWASA, wakala wa maji, kwa vijijini. Anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Bugarika, akiuliza kwa nini bomba linatoa maji usiku wa manane tu, swali lake si kwamba ziwa halina maji. Ziwa liko machoni pake. Swali lake ni msukumo, matangi na mabomba ya kupandisha maji mlimani, na mbunge akiuliza kwa maneno hayo atajibiwa kwa maneno hayo. Akiuliza "Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma ya maji Mwanza", atasomewa orodha ya miradi ya mkoa mzima, na mtu wa Mabatini hataisikia Mabatini humo. Vivuko vingi vya Serikali ni vya TEMESA, wakala wa ufundi na umeme ulio chini ya Ujenzi, lakini mialo na nyavu ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

Siyo kila kitu kiende Dodoma. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na kalavati lililobomoka au choo cha shule vinaweza kuulizwa huko na diwani, mbele ya mkurugenzi, bila kungoja namba ya swali. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hayo hayatangulizwi kwa maandishi na yanafaa zaidi kwa sera ya nchi kuliko kisima cha kijiji kimoja.

Mwananchi ana sehemu yake kabla ya yote haya. Mbunge hawezi kuuliza asichokijua. Ukimwambia "maji hakuna", umempa malalamiko. Ukimwambia pampu ya kijiji iliharibika mwezi gani, fundi alikuja mara ngapi, shule ina wanafunzi wangapi na kisima cha karibu kiko umbali gani, umempa nyongeza. Naibu Waziri akisoma kwamba mradi unafanya kazi, mbunge mwenye tarehe ya kuharibika kwa pampu ana la kusema. Asiye nayo atashukuru na kuketi.

Na baada ya kuulizwa, jibu haliishii hewani. Kila neno linachapwa kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wote tunaziita Hansard, kwa Kiswahili, na zinapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Jina la mbunge lipo, jina la aliyejibu lipo, tarehe ipo. Mbunge anayerudi mwaka unaofuata na kusema "tarehe fulani, katika kikao hiki, Serikali iliahidi hivi" hahitaji kupaza sauti.

Nilimweleza mzee haya kwa kifupi, samaki wakiendelea kupimwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama humo kwenye Hansard mtu anaweza kupata maneno yaliyosemwa kuhusu kivuko cha Ukara. Nikamwambia anaweza. Akafuta mikono, akanipa simu yake, akasema nimtafutie.