Bwawa la kijani: dhana potofu zinazoulisha mwani

Maji ya bwawa la kuogelea yanaweza kulala ya samawati yakaamka ya kijani. Siku mbili tatu za joto kali na klorini iliyopungua zinatosha. Anayeyakuta asubuhi hukimbilia ndoo ya dawa. Ningependa akimbilie kipimo kwanza, kwa sababu karibu kila kosa ninaloliona kwenye mabwawa ya nyumbani linaanzia hapo: watu wanaitibu rangi, hawayapimi maji.

"Yamekuwa kijani, mwaga klorini nyingi"

Klorini ndiyo dawa, hilo halina ubishi. Ila nguvu yake inafuata pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ikishayeyuka hugawanyika mafungu mawili: asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua, na hipokloriti, ambayo ni dhaifu sana ikilinganishwa nayo. Katika maji yasiyo na stabilaiza (kinga ya klorini dhidi ya jua, nitaifikia), pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko kwenye fungu linaloua. Ikiwa 7.5, ni kama nusu. Ikifika 8, imebaki robo au chini ya hapo. Na mwani, vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani, unapostawi hunyonya kaboni dioksidi kutoka majini, jambo linalopandisha pH. Kwa hiyo bwawa la kijani mara nyingi ndilo lenye pH ya juu, na ndoo nzima ya klorini inaingia ikiwa imeshapoteza makali. Shusha pH hadi 7.2 hivi, ndipo uweke klorini, tena baada ya jua kuzama. Jua la mchana humaliza sehemu kubwa ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa mbili.

"Kipimo kinaonyesha klorini ipo, kwa hiyo tatizo si klorini"

Hii ndiyo inayowachosha watu wengi kuliko zote. Kinga ya klorini dhidi ya jua ni asidi ya sayanuriki, wauzaji huiita stabilaiza. Ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita inasaidia kweli. Shida ni kwamba vidonge vingi vinavyoyeyuka polepole vimebeba stabilaiza ndani yake: kila miligramu 10 za klorini zinazotoka kwenye vidonge vya traiklori, ambavyo ni vya aina hiyo, huja na takriban 6 za stabilaiza. Klorini inatumika na kwisha. Stabilaiza haiendi popote, haipandi na mvuke, wala chujio la mchanga haliishiki. Mwezi baada ya mwezi inarundikana, na inaishika klorini kiasi kwamba kipimo cha klorini kinasoma miligramu 3 kwa lita huku ukuta unateleza. Njia ya uhakika ya kuipunguza ni kutoa sehemu ya maji na kujaza mapya. Nimeona watu wakinunua dawa ya mwani chupa baada ya chupa, ilhali walichohitaji kilikuwa kupima stabilaiza mara moja tu.

Kuna na mtego wa kinyume. Ukipima kwa vidonge au matone yanayogeuza maji kuwa ya waridi, itazame kichupa mara unapoitia dawa ya kupimia, usigeuze macho. Maji yakiwaka waridi kwa nukta moja kisha yakapoteza rangi, hiyo si sifuri. Klorini imezidi hadi imeipausha rangi ya kipimo. Changanya sampuli na maji safi yasiyo na klorini, nusu kwa nusu, upime tena na kuzidisha jibu kwa mbili. Asiyelijua hili huongeza klorini juu ya klorini.

"Bwawa linanuka klorini, maana yake imezidi"

Mara nyingi imepungua. Ile harufu kali inayochoma macho hutoka kwenye kloramini, zinazotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Dawa yake huwa ni klorini zaidi, pamoja na waogeleaji kuoga kabla ya kuingia.

"Dawa ikiingia, kazi imekwisha"

Mwani hujishikiza ukutani kwa utelezi unaoukinga. Bila brashi, klorini inaua tabaka la juu tu. Sugua kuta, ngazi, nyuma ya taa, na pembe ambazo maji hayazunguki vizuri, kisha acha pampu ifanye kazi mchana na usiku hadi maji yang'ae. Mwani mweusi una ukaidi wa pekee. Kibayolojia ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na hujichimbia kwenye vitundu vya plasta, kwa hiyo unahitaji brashi ya nyaya za chuma. Brashi hiyo ni ya plasta peke yake, usiipeleke kwenye bwawa la bitana ya plastiki.

Mwani ukifa, maji hugeuka ya kijivu au meupe kama maji ya mchele. Usitishike, sasa ni zamu ya chujio. Geji ya presha ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya presha ya chujio safi, lioshe kwa kuyarudisha maji kinyume.

"Bwawa la chumvi halihitaji klorini"

Mashine yake inatengeneza klorini kutoka kwenye hiyo chumvi kwa umeme. Linapata mwani kama mabwawa mengine.

"Rahisi zaidi ni kulimwaga lote"

Maji ndiyo yanayolikandamiza bwawa chini. Palipo na maji ya ardhini karibu, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na kupasuka. Toa kwa sehemu, na kabla ya kulikausha kabisa muulize fundi anayeijua ardhi hiyo.

"Klorini ni klorini, changanya tu"

Hapa naomba mtu asikie vizuri. Klorini ya unga ya kalsiamu na vidonge vya traiklori vikikutana vikavu au vyenye unyevu kidogo vinaweza kuwaka na kulipuka. Klorini na asidi vikikutana hutoa gesi yenye sumu. Kila dawa iwe na kopo lake la kupimia, na dawa ndiyo huwekwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya dawa.

"Kijani kidogo hakimdhuru mtu"

Aina nyingi za mwani wa bwawani hazina madhara zenyewe. Lakini mwani unaila klorini iliyopaswa kuua vijidudu, unaitelezesha ngazi, na unayatia maji ukungu. Mtoto aliyezama haonekani kwenye maji yenye ukungu, hata akiwa hatua mbili kutoka kwa mzazi wake. Kama huoni tundu la kutolea maji pale kilindini, mtu yeyote asiingie.

Na hata ukiliona, kuna kipimo kimoja kilichobaki. Pima klorini jua likishazama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza, pampu ikiwa inazunguka na bila kuongeza kitu. Ikishuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kinachoila gizani, hata kama maji yanang'aa. Rudi kwenye brashi.