Dishi moja, setilaiti mbili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akitaka king'amuzi cha Azam na cha DStv ndani ya nyumba moja, swali la kwanza kwa fundi ni kama dishi moja litatosha. Majibu ya mtaani ni mengi, na mengi yametokana na maelekezo ya Ulaya, ambako setilaiti zote ziko upande wa kusini. Sisi tunaoishi jirani na Ikweta anga letu limekaa vingine, na makosa mengi ya ufungaji yanaanzia hapo. Vipimo ninavyotaja hapa ni vya Dar es Salaam.

"LNB ya pili inafungwa ubavuni mwa ile ya kwanza."

LNB ni kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kinachopokea mawimbi; setilaiti mbili, LNB mbili. Setilaiti za televisheni zimejipanga juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa mtu wa London ukanda huo ni upinde ulio upande wa kusini, kwa hiyo setilaiti jirani ziko kushoto na kulia. Kwa mtu wa Dar ukanda unaanzia mashariki, unapita karibu na utosini, kaskazini kidogo, kisha unashukia magharibi. Ukitaka kuujua, fuatilia njia ya jua karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba. Inakaribiana nao sana.

Dishi la Azam linalenga nyuzi 7 mashariki, yaani setilaiti iliyo juu ya Ikweta kwenye longitudo ya 7 mashariki, na ukiwa Dar setilaiti hiyo iko nyuzi 52 juu ya upeo, karibu magharibi kabisa. Sasa chukua setilaiti nyingine, Amos-17, iliyoko nyuzi 17 mashariki. Hiyo iko nyuzi 63 juu ya upeo, lakini kwenye dira umesogea nyuzi 5 hivi tu. Yaani iko juu ya ile ya kwanza, si ubavuni mwake. Na kwa kuwa dishi hufanya kazi kama kioo, mambo yanageuka: setilaiti iliyo juu zaidi, LNB yake hukaa chini zaidi. Fundi anayefuata picha za Ulaya atahangaika kutwa nzima akiisogeza LNB kushoto na kulia, na hatapata kitu. Tatizo la pili ni kwamba huko chini ndiko mkono wa dishi ulipo, hivyo inahitajika kishikio kinachoipitisha LNB pembeni ya mkono. Ukichagua setilaiti iliyo chini zaidi angani kuliko ile ya nyuzi 7 mashariki, LNB yake hupanda juu, ambako nafasi ipo.

"Basi Azam na DStv zitaingia kwenye dishi moja."

Hapana. DStv kwetu iko nyuzi 36 mashariki, na ukiwa Dar setilaiti hiyo iko nyuzi 81 juu ya upeo, karibu kabisa na utosi. Kati yake na ya Azam kuna zaidi ya nyuzi 30 angani. Dishi la kawaida la sentimita 90 huvumilia LNB ya pembeni kwa nyuzi kama 10 kutoka katikati; ukizidisha, mawimbi yanatawanyika kabla ya kufika kwenye LNB. Yapo madishi maalumu yaliyoundwa kwa kazi hii, lakini kwa familia nyingi madishi mawili ya kawaida ni nafuu na hayasumbui. Fundi anayekuahidi vinginevyo mwombe akuonyeshe picha kwenye TV kabla hujamlipa.

"LNB ikishakaa mahali pake, kazi imeisha."

Mawimbi huja yakiwa ya wima au ya mlalo, na LNB lazima igeuzwe iendane nayo. Kwa setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, mgeuzo ukiwa Dar ni takriban nyuzi 77, karibu robo ya mzunguko. Ukiiacha LNB kwenye sifuri, chaneli zitakosekana au picha itakatikakatika, na lawama litaangukia king'amuzi. Legeza kishikio, izungushe polepole, macho kwenye kipimo cha ubora wa mawimbi katika menyu ya king'amuzi.

Nasema ubora, si nguvu. Nguvu inaweza kusoma juu kwa sababu tu LNB imepata umeme, hata dishi likitazama ukuta. Ubora ukiwa sifuri, hujaipata setilaiti.

"Dishi likiwa juu zaidi, linashika vizuri zaidi."

Mita 5 za paa si kitu mbele ya kilomita 35,786. Kinachotakiwa ni njia isiyozibwa na mwembe wala ghorofa ya jirani. Kwa nyuzi 52, ukuta unaolizidi dishi kwa mita 3 hauzuii kitu mradi dishi liko mita 2.5 kutoka ukutani. La DStv, kwa kuwa linatazama juu hivyo, unaweza kulifunga uani kwenye bomba lililozikwa kwa zege, ukaokoa waya mrefu unaopunguza mawimbi. Ukipanda juu ya mabati, dira nayo itadanganya. Soma mwelekeo ukiwa chini, mbali na chuma.

"LNB mbili unaziunga kwa splita."

Splita ni kifaa kinachounganisha tu nyaya pamoja, na LNB zote mbili hutoa masafa yaleyale kwenye waya, kwa hiyo zitagongana. Kinachotakiwa ni swichi ya DiSEqC, ambayo huruhusu LNB moja kwa wakati mmoja kwa amri ya risiva. Hakikisha risiva yako ina menyu hiyo kabla ya kununua chochote. Na kulenga setilaiti hakufungui chaneli zilizofungwa. Za kulipia zinabaki za kulipia.

"Picha ikipotea ghafla mchana, dishi limehama."

Kwa siku chache za Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti na kelele zake hufunika mawimbi kwa dakika kadhaa. Kwa dishi la Azam hapa Dar hutokea mnamo saa tisa alasiri. Kwa la DStv, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Usiguse bolti hata moja. Picha itarudi yenyewe.