Majina ya Zama za Kati kwenye vituo vya treni vya London

Mnara wa mawe ulio mbele ya kituo cha Charing Cross si wa Zama za Kati. Ulisimamishwa mwaka 1865, mwaka mmoja tu baada ya kituo kufunguliwa. Msalaba wa asili, uliokipa kituo neno “Cross” (msalaba), aliujenga mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza kumkumbuka mkewe Eleanor, aliyefariki Novemba 1290. Ulikuwa mmoja wa misalaba 12 iliyowekwa kila mahali jeneza lilipolala njiani kutoka Lincoln hadi Westminster. Bunge liliubomoa mwaka 1647. Pale uliposimama, leo kuna sanamu ya mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, kusini mwa Trafalgar Square, na hapo ndipo umbali wa barabara kutoka London huhesabiwa, kituoni hapahusiki.

Utasikia watu wakidai kwamba Charing ni Kifaransa, chère reine, yaani malkia mpendwa. Ni hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa: jina limeandikwa Cyrringe takriban mwaka 1000, wakati Eleanor hajazaliwa. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo ni mgeuko au kona. Mto Thames unaotoka kusini hugeukia mashariki papo hapo, na barabara ya zamani nayo ina kona yake. Wataalamu bado wanabishana ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo ukitafuta asili ya jina la kituo, anza na umbo la kwanza kabisa la jina katika hati za ardhi, kodi au kanisa, ukiandika mwaka wa kila umbo. Tahajia ya leo iweke kando. Cannon Street inakufanya ufikirie mizinga, kumbe katika hati za karne ya 12 ni Candelwrichstrete, mtaa wa watengeneza mishumaa. Midomo ya watu ililikatakata jina hilo hadi kituo cha mwaka 1866 kikarithi kipande kilichobaki.

Kisha angalia nani aliongeza nini. Marylebone ilikuwa kijiji cha Tyburn, jina la kijito chake. Kanisa la Bikira Maria lilipojengwa kandokando ya kijito mnamo mwaka 1400, kijiji kikaitwa Maryburne. Ile “le” ya katikati ilipachikwa karne ya 17, ndiyo sababu wengi hulazimisha Kifaransa pale ambapo hakipo.

Kampuni za reli nazo zilibadilisha majina zilivyotaka. Kituo kikuu cha Blackfriars kilifunguliwa mwaka 1886 kwa jina la St Paul's. Hili la sasa kilipewa mwaka 1937. Eneo lenyewe lilikuwa la watawa wa Kidominiko, waliovaa joho jeusi (Blackfriars ni “watawa weusi”), waliohamia hapo karne ya 13 na kufungiwa nyumba yao mwaka 1538.

King's Cross ndiyo inayonasa wengi, maana inafanana mno na Charing Cross. Haina hata chembe ya Zama za Kati: jina linatokana na mnara wa mfalme George wa Nne, uliojengwa miaka ya 1830 na kubomolewa mwaka 1845, kabla hata treni hazijafika. Jina la zamani la mahali hapo ni Battle Bridge (Daraja la Vita), na hata hilo si la vita vyovyote. Hati za kale zina Bradeford, kivuko kipana cha mto Fleet.